Sikio Langu na Vespa ya Karani Kabwe

Mwanangu, kati ya siku zote nilizoishi kuna Alhamisi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Niemba, saa tisa mchana, macho nimeyafumba. Nyuma yangu askari wawili wenye bunduki. Mbele yangu komanda wa waasi, amekaa juu ya pipa tupu, kofia ameiweka gotini. Tulikuwa tunasikiliza. Kisha kwa mbali, nyuma ya michikichi, ukapita mlio wa vespa, na mimi nikafungua kinywa nikataja jina la mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sogea nikueleze nilivyofika pale, maana jambo lenyewe halikuanza siku ile.

Baba yangu alikuwa mtu wa ziwani, kama baba yake na babu yake, watu wa kuvuka Kigoma na kurudi na chumvi na vitambaa. Mimi nilipenda chuma. Nilipotoka shule nikaingia garaji ya Mtaliani mmoja, Bwana Renzo, karibu na stesheni ya gari la moshi. Bwana Renzo alikuwa akiuza vespa na kuzitengeneza. Ukutani alitundika kalenda za kiwanda cha kwao Italia, kila mwezi picha ya vespa moja na msichana mmoja, na mimi, Mungu ni shahidi yangu, nilikuwa naangalia vespa kwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kwa lugha yao neno lile ni nyigu. "Sikiliza," alikuwa akisema, "si inalia kama nyigu? Na utazame kiuno chake." Na kweli, mbele ilikuwa nyembamba, nyuma imenona pande mbili, kulia mashini, kushoto sanduku dogo la kuwekea vifaa.

Nilizijua zote. Ile ya zamani taa yake haikuwa kwenye usukani, ilikuwa chini, juu ya bati la gurudumu la mbele. Ya namna ile ilikuwa moja tu mjini, ya padri wa misheni. Zilikuwepo za mia na ishirini na tano, za waalimu, zenye sauti nyembamba. Zilikuwepo za mia na hamsini, za wenye maduka, nzito kidogo. Na ilikuwepo ile waliyoiita GS, ya mbio, yenye magurudumu makubwa na vitesi vine, yaani gia nne, wakati zingine zote mjini zilikuwa na vitesi vitatu. Ikipanda mlima unaisikia inabadilisha mara moja zaidi. Watu walikuwa wakinichezea. Nimeinama kwenye kazi, mgongo umeelekea barabarani, mtu ananiuliza, "Ramazani, nani anapita?" Nami nasema, "Mwalimu wa misheni, na buji yake imechafuka," yaani plagi. Sikukosea. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu, na niliipenda sana, labda kupita kiasi.

Kisha vita vikafika. Wakati ule mji wetu huu kwenye makaratasi uliitwa Albertville. Waasi waliojiita Simba waliingia wakitokea upande wa juu, na kabla hawajaingia Bwana Renzo alikuwa ameshavuka ziwa. Aliniachia funguo za garaji na kalenda zake. Akasema atarudi. Hakurudi.

Waasi hawakumpenda mtu yeyote aliyeshika kalamu. Kwao karani alikuwa mtoto wa Wazungu, na mwenye vespa zaidi, maana vespa ilionekana kama alama ya mtu aliyekula nao. Makarani wengine wakazificha mashini zao chini ya kuni. Lakini nikuambie ukweli, mwanangu, si waasi tu walioshuku watu. Sisi wenyewe tulianza kuangaliana vibaya. Jirani akifunga dirisha, unajiuliza anaficha nini. Akilifungua, unajiuliza anamchungulia nani. Sokoni watu walinunua ndagala, dagaa wa ziwani, bila kuzungumza, wakalipa, wakaondoka. Mke wangu Zaina, bibi yenu, akaniambia, "Ukikuta bantu mu njia, usibaite majina. Sema tu jambo, upite." Maana kuitwa kwa jina tu mbele ya askari kulitosha kumfanya mtu aulizwe maswali.

Karani Kabwe alifanya kazi katika biro ya reli, yaani ofisi. Alikuwa mrefu, mabega mapana, mkimya, mtu wa kanisa, hajaoa. Aliishi na dada yake mkubwa, Mama Veronika, mkunga wa hospitali. GS iliyobaki mjini ilikuwa yake peke yake. Tangu ainunue hakuna fundi mwingine aliyeigusa. Kila baada ya wiki mbili aliniletea niisikilize, hata kama haina ugonjwa. Baada ya waasi kuingia akaacha kuja. Mwezi ukapita, mwingine ukaingia. Nilikuwa naisikia inapita mbali, siku za Alhamisi, lakini garaji haifiki.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Mwanzoni ilikuwa shaka ya fundi aliyekosa kazi, nikajisemea labda amepata mtu mwingine. Baadaye nikaanza kuhesabu Alhamisi.

Siku moja akaja akiisukuma kwa mikono. Waya wa vitesi ulikuwa umekatika.

"Karani, siku mingi haujaleta mashini," nikamwambia.

"Haina shida, fundi. Natembeaka nayo kidogo tu sasa."

"Unatembeaka nayo wapi?"

"Nyumbani na biro."

Biro ya reli ilikuwa imefungwa wiki nzima. Yeye alijua, na mimi nilijua. Nikainama kwenye kazi. Chini ya bati la mbele nikakuta udongo mwekundu umegandamana, na ndani yake mbegu za majani ya porini. Kutoka nyumbani kwake mpaka biro ni mchanga mtupu wa ziwa. Udongo ule ulitoka njia ya Niemba, na njia ya Niemba waasi walikuwa wameifunga. Waliogopa kwamba askari wa serikali watakuja kwa njia hiyo, wakifuata reli. Yeyote aliyekwenda kule walimhesabu kuwa anapeleka habari.

Kabwe akatoka nje kuvuta sigara. Nikafungua kifuniko cha kushoto. Harufu ya dawa ya vidonda ikanijia. Kulikuwa na pamba kidogo, na karatasi imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Iliandikwa kwa kalamu ya risasi: Kwa Kiyombo 3. Kwa Mulamba 5. Kwa Sangwa 2. Pembeni ya namba kadhaa kulikuwa na msalaba mdogo.

Majina ya vijiji na namba. Mwanangu, wewe ungewaza nini katika siku kama zile? Mimi niliwaza bunduki. Niliwaza askari waliojificha, watatu hapa, watano pale. Sikuwaza kitu kingine hata kwa dakika moja. Nikaitia karatasi mfukoni, nikafunga kifuniko, nikamaliza kazi ya waya. Kabwe aliporudi nikamtazama usoni kama vile naona mtu mwingine aliyevaa uso wake. Akanishukuru. Nikaona hata shukrani ile ina kitu nyuma yake.

Sikumuuliza. Garaji ilikuwa tupu, tulikuwa wawili tu, na ningeweza kumuuliza.

Siku chache baadaye askari wakaja kunichukua. Komanda alikuwa amekaa katika biro ya forodha bandarini. Hakuwa mtu wa kelele, na ndiyo maana watu walimwogopa. Alikuambia ukae, akakuuliza kama una watoto.

"Wewe njo Ramazani wa vespa?"

"Ndiyo, komanda."

"Bantu banasema unajua kila mashini kwa masikio."

"Najua, komanda."

"Askari wangu wa bariere, pale tulifunga njia, banasikiaka vespa nyuma ya michikichi, njia ya Niemba. Hawaioni. Inapitia njia ya miguu. Kesho ni Alhamisi. Utakuja kunisikilizia."

Sikulala vizuri, lakini nisikudanganye kwamba ilikuwa ni hofu peke yake. Nusu ilikuwa hofu, na nusu ilikuwa furaha ya mtu ambaye wakubwa wamesikia sifa yake.

Ndivyo nilivyofika kando ya barabara ile. Mlio ulipokuja ulikuwa mdogo, umefunikwa na upepo. Ulipanda mahali penye mwinuko. Nikasikia kitesi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha cha nne.

"Ni GS," nikasema, macho bado nimeyafumba. "Iko moja tu Albertville nzima. Ya Karani Kabwe wa reli."

Komanda akavaa kofia. "Fundi kweli," akasema. Na mimi nikatabasamu. Hilo tabasamu, mwanangu, mpaka leo linaniamsha usingizini.

Walimkuta Kabwe uani kwake, vespa ingali moto, ameshika kitambaa anaifuta matope. Wakamuuliza alitoka wapi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Walimpiga, akabaki kimya. Wakamfunga katika ghala la forodha, na habari ikaenea kwamba Jumapili atapigwa risasi mbele ya watu, makarani wengine wapate kuona. Mimi nilipewa zawadi ya debe la esansi, yaani petroli. Nikalibeba nyumbani. Zaina alilitazama, akanitazama mimi. Aliondoa chakula chake akaenda kukila jikoni. Karatasi bado ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeihifadhi nimpe komanda kesho yake, nipate sifa mara ya pili.

Asubuhi ya Ijumaa nilipita msikitini mapema. Kwenye baraza ya msikiti alikuwa anashonea Mzee Issa, mtu wa rika la baba yangu, ambaye walikuwa wakisafiri pamoja ziwani kabla macho yake hayajachoka. Akaniita.

"Ramazani, simama hapa nikupime."

"Sina kitambaa, Mzee."

"Simama tu."

Akaniwekea utepe mabegani, polepole, kana kwamba ananishonea kanzu ya sikukuu. Watu walikuwa wakipita, na yeye alisema kwa sauti ndogo, sindano ikiwa midomoni.

"Mabega ya Karani Kabwe ni makubwa kupita ya kwako. Mwezi uliopita kuliletwa hapa koti yake. Nikaambiwa niipunguze mabega na nifupishe mikono. Nikapima muntu wa kuivaa. Hakuwa Kabwe."

"Alikuwa nani?"

"Mutu mufupi. Mwanamuke." Akashusha utepe mgongoni. "Dada yake njo alinisimamia hapa mahali unasimama wewe. Nilimushonea na suruali."

Mama Veronika! Nani mjini aliwahi kumwona mwanamke juu ya vespa? Wote tungeapa kwamba haiwezekani. Nikatoa ile karatasi nikampa. Akaishika mbali na macho yake, akaisoma, kisha akaisoma tena.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ndani ya vespa yake. Niliwaza ni hesabu ya askari."

"Askari!" Akanitazama kama anatazama kidonda. "Wanawake walikimbilia porini na mimba zao, Ramazani. Hospitali hawawezi kufika, bariere imefungwa. Mama Veronika njo anaendaka kwao. Hii tatu, hii tano, hii mbili, ni matumbo. Mwenye musalaba ni yule siku zake zimekaribia."

"Kwa nini Kabwe hasemi?"

"Aseme nini? Aseme si mimi, ni dada yangu?" Akafungua pasi yake ya mkaa, akaitia karatasi ndani, akafunga. Moshi mdogo ukatoka. "Ulisikia mashini, mwanangu. Muntu aliye juu yake haukumusikia. Na ukamupa jina."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema yeye ni mshonaji, ameshanieleza alichopima, na mengine ni ya kwangu na Mungu. Akainama kwenye cherehani. Hakunitazama tena.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Zaina yote, nikamwambia nakwenda kwa komanda kusema nimekosea. Zaina akasema neno ambalo ndilo lililoniokoa. "Ukienda, usiende kama shujaa. Shujaa watamuuliza nani amemufundisha. Enda kama mujinga."

Nikaenda kama mjinga. Nikasimama mbele ya meza ya komanda, kofia mkononi, nikasema sina hakika tena na mlio ule.

"Jana ulikuwa na hakika."

"Nilitaka unisifu, komanda."

Hilo lilikuwa kweli, na nadhani ndiyo sababu hakunipiga papo hapo. Alinitazama muda mrefu. "Ama ulidanganya jana, ama unadanganya leo," akasema. "Nitajua kesho."

Jumamosi asubuhi vespa zote zilizobaki mjini zilikusanywa nyuma ya ukuta wa ghala la bandari. Zilikuwa sita. Mimi nilisimamishwa upande wa pili, uso nimeuelekeza ziwani. Kabwe walimkalisha chini, mikono imefungwa nyuma, mdomo umevimba. Komanda akaeleza sheria. Kila mashini itaendeshwa kupanda mwinuko nyuma ya ukuta, na mimi nitaje. Nikizitambua, basi siku ile ya Alhamisi nilitambua vizuri, na Kabwe hana siku nyingine. Nikishindwa, adhabu ni yangu.

Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu. Nikaitaja vizuri, ili waone najitahidi. Ya pili ilikuwa ya padri, ile ya taa ya chini, inayokohoa kama mtu mzima. Nikasema ni ya mwenye duka la sukari. Askari mmoja akacheka. Nikaona inawezekana, nitaharibu zote, na nilikuwa nimeshafungua kinywa kuharibu ya tatu nilipoutambua mlio wake. Ilikuwa ni vespa ya komanda mwenyewe, aliyoichukua katika garaji yangu. Bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka, likipiga kelele kama maharage kwenye debe. Viziwi wangeijua ile. Kama ningeikosa, angejua kwamba nacheza naye.

"Hiyo ni ya kwako, komanda," nikasema.

Nikasikia anatembea taratibu nyuma yangu, akasimama.

Ya nne ikawashwa. Mwanangu, niliijua kabla haijaondoka mahali pake. Miaka minne niliisikiliza kila baada ya wiki mbili. Ilipanda mwinuko, moja, mbili, tatu, halafu ikabadilisha tena, laini kabisa, kwa ule waya niliouweka kwa mikono yangu. Kinywa chote kilitaka kusema. Sikujua kabla ya siku ile kwamba kunyamazia kitu unachokijua kunauma mwilini.

"Mia na hamsini," nikasema. "Ya Mwarabu wa samaki."

Ya tano ndiyo ilikuwa mia na hamsini ya Mwarabu wa samaki. Nikainamisha kichwa, nikajifanya nasikiliza sana, nikapiga mkono pajani. "Hiyo sasa! Hiyo njo GS ya Karani Kabwe! Haki ya Mungu, hiyo njo nilisikia siku ya Alhamisi."

Askari wote wakaangua kicheko. Walinicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Komanda peke yake hakucheka. Alisogea, akaniwekea mdomo karibu na sikio.

"Wewe ni mujinga, ao ni mwerevu?"

"Mujinga, komanda."

Akabaki pale, pumzi yake shingoni mwangu. Mpaka leo sijui alijua au hakujua. Labda alijua, na labda alichoka kuua watu, au alikuwa na sababu zake. Aliamuru nipigwe fimbo mbele ya bandari yote, na vifaa vya garaji vichukuliwe, maana fundi kama mimi havimfai. Walipokuwa wananilaza chini macho yangu yakakutana na ya Kabwe. Nilitegemea kuona shukrani. Sikuiona. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuuza jana na leo anakununua, ukajiuliza kesho atakuuza kwa nani.

Walimfungua Jumatatu. Vespa hawakumrudishia, komanda aliichukua. Na hapo, mwanangu, ungedhani mambo yameisha. Mama Veronika aliendelea kwenda porini, lakini sasa kwa miguu. Alichokuwa anakifikia kwa saa mbili akawa anakifikia jioni, miguu imevimba.

Askari wa serikali waliporudi kuuchukua mji, zamu ya kushukiwa ikawa yangu. Watu walikuwa wameniona naingia na kutoka bandarini. "Huyu njo alikuwa sikio la waasi," walisema, na nusu yake ilikuwa kweli, basi ningejiteteaje? Nilifungiwa kambini kwao siku kumi na moja. Mzee Issa alikuja kila asubuhi kukaa mbele ya mlango wa kambi na cherehani yake, akisema hataondoka mpaka wamsikilize, na mwishowe wakamsikiliza, wakaniachia. Lakini mjini nilipita kama mwenye ukoma. Nikisalimia, mtu anatazama pembeni. Nikiingia dukani, maneno yanakatika. Nilijifunza ladha ya chakula nilichompikia Kabwe.

Mji ulipotulia nilikwenda hospitali kumtafuta Mama Veronika. Nilimkuta anakunja vitambaa barazani. Mwanamke mfupi, mikono mikavu, macho yasiyoharakisha. Nikapiga magoti nikamwambia yote, na karatasi, na tabasamu langu barabarani.

"Karatasi nilijua ni wewe," akasema. "Nilifungua mahali nilikuwa nimeiweka, haiko. Ile siku niliogopa wewe kupita waasi. Waasi banakuja na bunduki, unabaona."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Kabwe naye, mupe wakati, asipoweza usimulaumu." Akaendelea kukunja. "Lakini iko muntu haujamuomba. Kwa Sangwa kulikuwa banamuke wawili. Mumoja alikuwa na musalaba. Nilienda na miguu, nikafika jua linazama. Yeye na mutoto walikuwa wameshaenda. Kama ningefika mchana…" Akachukua kitambaa kingine. "Bwana yake yuko pale pale. Anafumaka vikapu."

Nilikwenda kwa baiskeli, siku nzima. Nilimkuta yule bwana mbele ya nyumba yake, kijana kama mimi, matete yamezunguka miguu yake. Hakuwahi kusikia habari ya vespa wala ya komanda. Hakujua kwamba kulikuwa na mtu wa kulaumu. Alidhani ni kifo kama vifo vingine. Ningeweza kunywa maji yake nikarudi, na asingejua kamwe. Nikamweleza kila kitu, nikiwa nimesimama, maana nilitaka kuwa tayari akiinuka na panga.

Hakuinuka. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama juu ya kikapu. Kisha akasema, "Aliitwa Feza." Baadaye sana akaniuliza, "Njia yote hiyo umekuja, umekula?" Nikasema sijala. Akaingia ndani akatoa bukari baridi, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akaniwekea mbele, akaenda kukaa mbali nami, mgongo amenipa, mpaka nilipomaliza. Nimekula karamu nyingi tangu pale. Hakuna chakula kilichokuwa kigumu kumeza kama kile.

Kabwe hakunisamehe mpaka alipokufa. Alinisalimia, aliuliza habari za watoto, na mashini zake akampelekea fundi mwingine. Ilikuwa haki yake.

Mwanangu, nakuambia haya kwa sababu nimewasikia ninyi vijana wa pikipiki mnavyozungumza siku hizi. Mtu amekimbia vita, yuko kambini Katanika chini ya turubai, amepata moto, pikipiki ya kubebea watu, na tayari mnaulizana anakwenda wapi kila asubuhi, simu yake anampigia nani, kwa nini hazungumzi sana. Najua mnavyowaza, maana nimewaza hivyo. Mambo yenyewe mnayoyaona yanaweza kuwa ya kweli. Udongo ule ulikuwa wa Niemba kweli. Karatasi ilikuwa na namba kweli. Sikio langu halikukosea hata kidogo. Nilikosea pale nilipojaza mwenyewe sehemu nisiyoijua, na nikaijaza kwa uovu.

Basi ukimshuku mtu, nenda kwake, mchana, umuulize. Ukiogopa kwenda peke yako, mchukue mzee mmoja mwende wote. Na mtu mwenye bunduki akikuuliza swali, usilijibu kwa sababu tu unalijua jibu na unataka aone kwamba unalijua. Jiulize kwanza jibu lako litakwenda kufanya nini likishatoka kinywani. Ukishakosea, rudi mapema, hata kama watakucheka, hata kama watakupiga, na usingoje kusifiwa kwa kurudi. Wala usidhani kurudi kunafuta kila kitu. Kuna watu utakuwa umeshawachelewesha.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kuona kosa lake. Akupe ulimi mzito panapotakiwa uzito, na miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi. Njia zako ziwe wazi, na kila mlango utakaoubishia hodi ufunguliwe na mtu asiyekuogopa. Amina. Haya, nenda ukapumzike, mwanangu.